Nyumba ya Ng'ambo: Kigamboni Kabla ya Daraja na Baada Yake

Miaka ya 1990 mtu aliyetaka kuhamia Kigamboni hakuanza kwa kuuliza bei ya kiwanja. Alianza na pantoni: ngapi zinafanya kazi, ya mwisho huondoka saa ngapi, na mama akishikwa na uchungu usiku wa manane atavushwa na nini. Kati ya Magogoni, upande wa katikati ya jiji la Dar es Salaam, na Kigamboni kuna mkondo mwembamba tu, lango la bandari, na anayesimama karibu na soko la samaki huwaona kwa macho watu wanaoshuka upande wa pili. Kuvuka kwenyewe ni kwa dakika chache. Ila dakika hizo zilikuwa na masharti yake. Meli ikiingia au ikitoka bandarini, pantoni husubiri. Injini ikigoma, watu hujaa getini mpaka barabarani, na mwenye gari hakuwa na budi kuzunguka kwa Mbagala na Kongowe, mwendo wa makumi ya kilomita, ili afike mahali anapopaona. Ndiyo maana Kigamboni, iliyo ng'ambo tu ya Ikulu, ilibaki na minazi, mihogo na madau ya wavuvi wakati Sinza na Tabata, zilizo mbali zaidi na Posta, zilikwisha kujaa nyumba. Waliokaa Kigamboni wakati ule walikuwa na sababu ya kukaa: wenyeji na wavuvi wao, wanamaji wa jeshi, walimu na wanafunzi wa Chuo cha Kivukoni, na wafanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichoanza miaka ya 1960 na kusimamisha usafishaji mwishoni mwa miaka ya 1990. Kazi yao ilikuwa upande huohuo. Walivuka kwenda kununua, kuuza, kutibiwa au kuhani msiba. Hawakuvuka kila alfajiri wakiwahi saa ya mwajiri.

Tofauti hiyo naiona kubwa kuliko inavyopewa uzito na madalali, na hata na wapangaji wa mji. Anayetafuta nyumba ng'ambo ya maji huku riziki yake iko mjini ananunua kwanza njia ya kuvukia. Kiwanja kinafuata nyuma yake. Njia ikibadilika, nyumba ileile inakuwa nyumba nyingine, hata kama tofali halikuongezwa. Kigamboni ya miaka thelathini hii inalithibitisha jambo hilo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipopima na kuuza viwanja kwa mradi uliojulikana kama wa viwanja 20,000. Kibada, Kisota, Geza Ulole na Mwongozo vikawa majina yanayotajwa maofisini. Mtumishi wa umma aliyekuwa amepanga vyumba viwili Temeke au Ilala aliweza kupata kiwanja chenye ramani, chenye barabara iliyotengwa, chenye hati. Wengi walinunua. Wachache walihamia, kwa kuwa hati haimvushi mtu mkondo, na viwanja vingi vilikaa miaka na msingi ulioota majani. Kisha mwaka 2008 ukatangazwa mradi wa Mji Mpya wa Kigamboni, uliozikumba zaidi ya hekta 6,000 katika kata za mbele, zile zilizo karibu na maji na karibu na kivuko. Watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri uthamini na fidia. Mji wenyewe haukujengwa kama ulivyochorwa, na wakala uliokuwa umeundwa kuusimamia ukavunjwa baadaye. Lakini miaka ya kusubiri ilikwisha kuwaumiza wakazi. Aliyekuwa na nyumba iliyofika kwenye linta hakuthubutu kuezeka, na aliyetaka kuuza alikuta mnunuzi anaogopa. Wenye haraka ya kujenga wakaruka eneo lililozuiwa wakaenda ndani zaidi, Kisarawe II na kwingineko, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwakataza na hakuna aliyekuwa akiwapelekea lami. Kwa maoni yangu kosa hilo la mipango liliharibu mpangilio wa kitongoji kuliko umaskini wa wakazi wake: kata za karibu zilizuiwa, za mbali zikajaa.

Halafu likaja daraja. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, liliunganisha Kurasini na Kigamboni na kuzinduliwa Aprili 2016. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ulitoa sehemu kubwa ya fedha na serikali ikatoa iliyobaki, na kwa kuwa fedha za mfuko ni za wanachama na lazima zirudi, magari yakawekewa tozo. Wakazi waliilalamikia tozo hiyo tangu mwanzo, na mwaka 2022 serikali ikaipunguza. Mwezi mmoja tu baada ya daraja, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalianza kazi kati ya Kimara na katikati ya jiji, na kituo chake cha mwisho upande wa bahari kikawa Kivukoni, hatua chache kutoka kwenye pantoni. Mambo haya mawili husimuliwa kila moja peke yake, nami nadhani yanapaswa kusimuliwa pamoja, kwa sababu mwaka huo mmoja uliigawa Kigamboni. Mwenye gari akapata njia ya daraja, na macho yake yakageukia Vijibweni, Kibada na Mjimwema. Mtembea kwa miguu akapata pantoni inayomshusha karibu na basi lenye njia yake mwenyewe hadi Kimara, na kwake penye thamani pakawa pale Feri na Tungi, anapoweza kutoka nyumbani hadi kwenye pantoni kwa miguu. Kitongoji kimoja kikawa na milango miwili. Sensa ya 2012 iliyakuta maeneo hayo na watu karibu 163,000; ya 2022, Kigamboni ikiwa tayari wilaya iliyokatwa kutoka Temeke, iliwakuta karibu 318,000. Jiji zima halikukua kwa kasi ya kukaribia hiyo katika muda huo: lilitoka watu milioni 4.4 hadi milioni 5.4.

Atakayenipinga atasema kwamba kwa takwimu hizo daraja limemaliza mjadala, na kwamba kuzungumzia kuvuka ni kukumbuka shida zilizokwisha. Sikubali. Daraja liliondoa kusubiri pale majini, halikuondoa kusubiri. Linamwaga magari Kurasini, penye malori ya bandari, na kutoka hapo dereva anaingia barabara ya Kilwa au ya Mandela pamoja na jiji zima. Zaidi ya hilo, muda uliookolewa umeliwa na umbali. Mtu ambaye zamani angekataa nyumba ya Mwasonga kwa sababu ya pantoni sasa anaikubali kwa sababu ya daraja, na safari yake ya kwenda kazini inaweza kuwa ndefu kuliko ya jirani wa zamani wa Tungi aliyesubiri pantoni mbili. Njia mpya huwa inawasogeza watu mbali mpaka faida yake iishe, na hilo limeonekana Mbezi na Bunju kabla ya kuonekana huku.

Wengine watasema nguvu ya hoja iko kwenye bei. Kiwanja cha ndani kina nafuu mara kadhaa kuliko cha karibu na Feri, na mwenye kipato kidogo anajenga pale anapomudu. Hili ni pingamizi zito, na sitalipuuza, kwa kuwa nyumba ya mtu mwenyewe, hata ya vyumba viwili isiyopigwa plasta, inamwondolea kodi ya miezi sita ya mkupuo. Lakini bei ya kiwanja hulipwa mara moja, na bei ya kuishi pale hulipwa kila asubuhi. Nauli ya pantoni kwa mtembea kwa miguu, iliyopanda mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200, ni mia nne kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku ishirini na mbili za kazi haifiki shilingi 9,000. Gharama haikai hapo. Imekaa kwenye kipande cha kutoka barabara ya lami hadi mlangoni, kinachopandiwa bodaboda kwa nauli inayozidi hiyo ya pantoni mara kadhaa, na inayopanda zaidi mvua za masika zikigeuza udongo kuwa tope. Familia yenye wafanyakazi wawili na watoto wawili wanaosoma mbali ikizijumlisha nauli hizo kwa miaka mitano, tofauti ya bei ya viwanja inapungua sana, na nyingine hufutika kabisa. Hesabu hii haipo kwenye hati ya mauziano, wala mwenyekiti wa serikali ya mtaa anayegonga muhuri hana wajibu wa kumkumbusha mtu. Kwa hiyo inabidi mnunuzi aifanye mwenyewe kabla ya kutoa arabuni.

Lipo pingamizi la tatu: kwamba mji wenyewe umehama. Wizara zilianza kwenda Dodoma kuanzia 2016, na maofisa waliochagua Kigamboni ili wawe karibu na ofisi za Kivukoni walijikuta na nyumba mkoa mmoja na kazi mkoa mwingine. Ni kweli, na ni ushahidi wa upande wangu: hata mwisho wa pili wa safari unaweza kusogea. Hata hivyo si kila kazi iliyokwenda: Kariakoo haikuhama, bandari haikuhama, Muhimbili haikuhama.

Kuhusu bahari yenyewe nitasema machache, ingawa ndiyo inayowekwa mbele kwenye matangazo. Upepo ni mzuri, na chumvi yake inakula bati na nondo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo anayeahidiwa nyumba ya kuchungulia mawimbi aanze kwa kupima. Maji ya kunywa yalikuwa tatizo la miaka mingi, visima vifupi vikitoa maji ya chumvi. Visima virefu vya Kisarawe II vimebadilisha hali hiyo, na mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo, maji ya Kigamboni yalipelekwa kuusaidia mji uliozoea kuiona Kigamboni kama shamba lake.

Kwa hiyo nikiulizwa leo mahali pa kukaa, nataja maeneo yanayofikika kwa milango yote miwili: Tungi, Kigamboni yenyewe, sehemu za Vijibweni na Mjimwema, ambako pantoni ikikwama mtu ana daladala ya daraja, na foleni ya Kurasini ikizidi ana pantoni. Najua kasoro zake. Sehemu nyingi hazikupimwa, nyumba zimebanana, na matangi ya mafuta hayako mbali. Bado nazichagua, kwa sababu kiwanja kilichobana mtu anaweza kukipanga upya, na njia ya pili haiwezi kujengwa na mwenye nyumba. Hapo ndipo wajibu wa serikali ulipo. Tangu daraja lizinduliwe kumekuwa na kishawishi cha kuitazama pantoni kama mabaki ya zamani, inayofanyiwa matengenezo ikishaharibika, na vivuko vinavyoharibika vimekuwa kero ya mara kwa mara. Wanaoitegemea ni mama lishe, vibarua wa bandarini, wanafunzi na wauza samaki, watu ambao daraja haliko njiani mwao. Wao walichagua kukaa karibu na Feri kwa hesabu sahihi, na hesabu hiyo itabaki sahihi ikiwa tu kuna pantoni za kutosha zinazoelea, na nyingine ya akiba imefungwa gatini ikiwa na mafuta na wafanyakazi.