Idhini ya London na Idhini ya Pangani

Jamaa wa nyumbani wanaponiuliza habari za kusomea shahada ya uzamili ya afya ya umma huku Uingereza, aghalabu huanza na ada, wakaja kwenye baridi, kisha wakatua kwenye swali walilolikusudia tangu mwanzo, nalo ni kama shahada ya huku ina uzito kuishinda ya nyumbani. Mawili ya kwanza majibu yake ni mafupi: ada ya mgeni huizidi mbali ada ya mwenyeji, na baridi huzoeleka. Hilo la tatu lahitaji wasaa, nami nadhani nina haki ya kulisemea, kwa kuwa nilisoma London katika miaka ile ile ambayo binti wa mama yangu mdogo alikuwa akisoma Dar es Salaam, tukawa kila juma tukipelekeana jumbe za sauti ndefu kama hotuba, yeye akinisimulia ya kwake nami ya kwangu, hata ikawa kila mmoja wetu amesoma shahada moja na nusu kwa ada ya moja.

Katika mtaala hapana tofauti kubwa ya kuandikia. Epidemiolojia ni ile ile, takwimu ni zile zile. Uchumi wa afya, sera, maji na usafi wa mazingira, vyote hufundishwa huku na huko, na mara nyingi kwa kitabu kimoja. Tena mifano mingi tuliyosomeshwa London ilitoka kwetu, kama ule utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995, ambao, kwa kulinganisha jamii 6 zilizoboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa na jamii 6 ambazo zilikuwa bado kuboreshewa, ulionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Ni fahari, na ni ajabu pia, kuketi katika chumba chenye joto la mitambo, mvua ya Novemba ikipiga vioo, ukasomeshwa habari za zahanati za kando ya Ziwa Victoria, ilhali wewe uliye Mtanzania peke yako mle chumbani hujapata kuliona ziwa hilo kwa macho.

Njia huachana pale mwanafunzi anapofunga kitabu na kutaka kuwaendea watu wenyewe, awaulize, awapime, aandike. Kwa rai yangu tofauti yote iliyo ya maana imo humo: ni nani ampaye idhini, na aipataje.

Chuo nilichosoma kiliasisiwa mwaka 1899 na tabibu Patrick Manson, na jengo lake la Keppel Street, lililofunguliwa mwaka 1929, lina pambo lisilosahaulika kwa mtu wa pwani: kwenye vibaraza vyake wametundikwa wadudu na wanyama waliopakwa dhahabu, mbu, kiroboto, chawa, panya na nyoka, wale wale ambao mama zetu huwafukuza kwa ufagio na dua. Kutani yamechongwa majina ya wanaume 23 waliotukuka katika elimu hii, na mwaka 2019 yakaongezwa ya wanawake watatu, Florence Nightingale, Marie Curie na Alice Ball. Jina la Manson limo, na ni haki yake, kwa kuwa ndiye aliyegundua mwaka 1877, akiwa tabibu katika bandari ya Amoy huko China, kwamba vijidudu vya matende huingia mwilini mwa mbu anyonyapo damu ya mgonjwa, vikakua mle. Lakini mbu wale walikunywa damu ya mtu, na mtu huyo alikuwa mtunza bustani wake, Hin Lo, aliyelazwa usiku mahali penye mbu ili aumwe. Kama aliulizwa au aliamriwa, na hata kama aliulizwa, mtumishi ana uwezo gani wa kumkatalia bwana anayemlipa, hayo ukuta hauyasemi; wala jina lake halimo.

Tangu enzi hizo mambo yamegeuka sana, na leo hapana mwanafunzi wa London awezaye kumtoboa mtu kidole kabla kamati ya maadili haijalisoma ombi lake na kuliridhia. Kwa kuwa shahada ya huku ni ya mwaka mmoja, na muda wa tasnifu ni kiangazi tu, wengi wetu huchagua njia isiyo na watu: huomba takwimu zilizokwisha kukusanywa na wengine. Ndivyo nilivyofanya. Nilijaza fomu katika intaneti, nikaeleza kwa aya moja nakusudia nini, na baada ya siku chache nikafunguliwa utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria uliofanyika Tanzania mwaka 2015 hadi 2016, kaya zaidi ya 12,000 zikashuka ndani ya kompyuta yangu kabla chai haijapoa. Mstari mmoja ni mtu mmoja: umri wake, elimu yake, sakafu ya nyumba yake ni ya udongo au ya saruji, usiku wa kuamkia siku ya mahojiano alilala ndani ya chandarua au hakulala. Majina hayamo, na wenye utafiti walijihadhari hata zaidi ya hapo, kwani alama ya kila eneo husogezwa kwa makusudi kwenye ramani, aghalabu hadi kilomita 2 mjini na 5 shamba, mradi asitokee mtu wa kubahatisha nyumba ya nani ni ipi. Hadhari hiyo naisifu kwa moyo mmoja. Walakini niliishi na watu hao kiangazi kizima, watu wa Tanga, wa Pwani na wa Lindi, nikawajumlisha, nikawagawanya, nikawapanga mafungu kwa utajiri na umaskini, pasiwe hata mmoja mwenye njia ya kuniambia, "Mimi sitaki."

Binti wa mama mdogo yeye alitaka kujua kwa nini baadhi ya watu wa Pangani hawamezi dawa za kingatiba, zile zigawiwazo kuwakinga watu na matende na mabusha, ambazo ugawaji wake nchini ulianzia Mafia mwaka 2000. Ombi lake lilipita kwenye kamati ya maadili, kama langu. Ila pale langu lilipokoma, lake ndipo lilipofunga safari. Barua ya chuo ilimwendea Katibu Tawala wa Mkoa, Tanga. Ofisi hiyo ikamwandikia Katibu Tawala wa Wilaya. Huyo akamwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mkurugenzi akampeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, aliyemwita mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, aliyempigia simu Mtendaji wa Kata, aliyesema kuwa Mtendaji wa Kijiji yupo, ila mwenyekiti amekwenda msibani. Katika kila ofisi kilitangulia kitabu cha wageni, chenye kamba na kalamu iliyofungwa kamba hiyo: tarehe, jina, utokako, dhumuni, sahihi. Baada ya juma la pili alinitumia picha ya barua yake, nayo ilikuwa imegongwa mihuri ya buluu na ya zambarau juu ya mihuri, hata maneno ya chuo yakawa hayasomeki ila kwa kukisia.

Mtu aliyezoea fomu ya London angeiona safari hiyo kuwa ni urasimu mtupu, na sehemu yake kweli ni urasimu, kama nitakavyosema. Lakini kila alipoketishwa aliulizwa, na kila alipoulizwa alipewa kitu. Mtendaji wa Kijiji, baada ya kuisoma barua ile kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka ya kumpendeza mgeni, alimwambia kwamba siku alizozichagua hazifai, kwa sababu wavuvi wa dagaa wa kijiji kile huvua kwa taa siku za giza, na hupatikana nyumbani, wakishona nyavu, pale tu mbalamwezi inapokuwa kubwa. Mwenzangu akaihamisha kazi yake kwa siku kumi. Alipofika na kulifungua daftari la mgawa dawa, akawaona wanaume wengi walioandikwa kuwa wamekataa, akawaendea mmoja mmoja, wengi wao wakamweleza kwa mshangao kwamba hawajapata kukataa chochote: mgawa dawa alipopita na fimbo yake ya kupimia urefu, wao walikuwa baharini, au wamerudi alfajiri na wamelala, na mke akamwambia mgeni asiwaamshe. Katika takwimu zangu watu kama hao wangekuwa tarakimu moja katika safu ya "alikataa", nami ningeandika kurasa nzima juu ya imani potofu za watu wa pwani.

Imani nazo zipo, sisemi hazipo. Wapo wanaosema mabusha huletwa na madafu, na ipo hofu ya mumiani, ambayo kwa upande wa matende haikuzuka hewani: vijidudu vya maradhi haya hujitokeza katika damu usiku, kwa hiyo kwa miaka mingi wapimaji walilazimika kubisha hodi kati ya saa nne na saa nane za usiku, wamebeba sindano na vioo, katika vijiji vilivyokwisha kusikia kwamba wapo watu wanyonyao damu za wenzao gizani. Siku hizi kuna kipimo cha ukanda kisichojali saa, hutaka tone la kidoleni na dakika 10 tu. Hata hivyo katika nyumba moja mzee wa makamo ya babu yetu aliipokea shikamoo ya mwenzangu, akamkaribisha barazani, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo damu, mwanangu, mwaipeleka wapi?" Akamjibu kuwa haiendi popote, akakiweka kipimo juu ya kiti mbele ya mzee, wakakingoja pamoja hadi mstari wa kwanza ukatokea na wa pili usitokee. Mkewe yeye alikataa kutobolewa, wala hakutoa sababu, kisha akaleta kahawa na kashata.

Sasa niseme upande wa pili, isije ikadhaniwa nimeponzwa na hamu ya nyumbani. Si kila kungoja ni elimu. Yako majuma aliyoyapoteza mwenzangu kwa sababu ofisa mmoja alikuwa semina na mwenye kukaimu hakuachiwa mhuri, na yako mazungumzo yaliyozunguka mbuyu mpaka ikadhihirika kwamba kinachongojwa ni posho; mwanafunzi asiye na mfadhili hupita hapo kwa tabu. London, kwa upande wake, ratiba iliyotangazwa Septemba ilitimia mpaka Juni, mwanafunzi alimwita profesa kwa jina lake la kwanza na kumwambia hadharani kuwa hesabu yake ina walakini, na mtihani ulisahihishwa kwa nambari tupu, msahihishaji asijue kama mwandishi ni binti wa waziri au wa muuza samaki. Lau ningepewa uwezo wa kukihamisha kitu kimoja kutoka huku kwenda kwetu, ningehamisha nambari hiyo, na vitabu ningeviacha.

Hata hivyo London ilijifunza elimu hii kwa kubisha hodi. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600 katika mitaa ya Soho, tabibu John Snow alilishuku bomba la maji la Broad Street, na mpini wake ukaondolewa. Nasi sote tulikwenda kulitazama bomba la ukumbusho, lililo jirani na baa yenye jina la Snow, ambaye, maskini, hakuwa mnywaji wa pombe. Kisa hiki husimuliwa kwa ramani na kwa hesabu ya vifo, na mara nyingi msimulizi humpita haraka kasisi Henry Whitehead, aliyeihudumia parokia ile. Huyo aliianza kazi kwa kutomwamini Snow, akarudi nyumba kwa nyumba kwa watu waliomjua kwa sura na kwa jina, tena zaidi ya mara moja, wakamweleza mambo ambayo kwa mgeni yangefichwa. Na ndiye aliyempata mtoto mchanga wa nyumba nambari 40, aliyeugua kabla ya wengine, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa shimoni karibu na kisima. Ramani ilikuwa ya Snow, na kasisi aliufungua mlango.

Kinachonikera basi ni hiki, nacho kinahusu pande zote mbili. Katika tasnifu yangu habari ya idhini ilichukua mistari minne, na hiyo ilitosha, kwa kuwa haikuwa na kisa zaidi ya fomu. Katika ya mwenzangu nayo ilichukua mistari minne: kwamba kibali kilipatikana kutoka mamlaka husika na washiriki walitia sahihi au dole gumba. Alikuwa ameandika kurasa tisa, juu ya mbalamwezi, juu ya mkutano wa kijiji, juu ya maswali aliyoulizwa kabla yeye hajauliza lake. Akashauriwa azitoe, kwa hoja kwamba hayo ni masimulizi, na tasnifu ya sayansi haina nafasi ya masimulizi. Naye akazitoa, kwa kuwa alitaka kuhitimu. Tuna chuoni kozi ya takwimu, kozi ya uchumi, kozi ya uongozi, na hapana saa moja ya kumfundisha mwanafunzi namna ya kuketi barazani mwa mtu, ajibu swali la damu bila kudanganya, na kulipokea katazo bila kulibembeleza. Jambo ambalo nchi yetu inalijua kuliko London tunalitenda kila siku, kisha tunalifuta kabla ya kufunga jalada.

Tasnifu yake iko maktabani, na nakala zilipelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na kwa Mtendaji wa Kijiji, kama ilivyoahidiwa. Zote ni za Kiingereza. Mwezi uliopita Mtendaji alimpigia simu kumwambia kuwa yule mzee amefika ofisini kuuliza utafiti ulisema nini, naye hakuwa na la kumjibu. Sasa mwenzangu anaandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ili usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka ijayo. Rasimu ya kwanza ameniletea jana niipitie, na nimemwomba azirudishe habari za mbalamwezi.