Usikate Simu: Jinsi ya Kuacha Programu Ikiendelea Ukitoka Kwenye Seva

Leo nawasimulia kosa lililoninyima usingizi kwa siku tatu, ili nanyi msilirudie.

Ilikuwa mwaka wa 2008. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilinipa kazi ya kuhamisha akaunti za wanachama 4,000 hivi hadi kwenye mfumo mpya, na papo hapo kuwaongezea riba ya akiba zao. Seva ilikuwa Marekani, mimi nyumbani Kasarani. Nyaya mpya za baharini zilifika Mombasa mwaka wa 2009, kwa hivyo wakati huo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ikijikokota kama kobe.

Saa nne usiku niliingia kwenye seva kwa ssh, nikaandika:

./hamisha.sh &

Nilijua alama ya & hupeleka kazi nyuma, nikadhani hiyo yatosha. Majina ya wanachama yakaanza kupita kwenye skrini. Saa tano kasorobo, stima ikapotea.

Sikushtuka. Nilijiambia, stima imepotea Kasarani, haijapotea Marekani. Nikalala.

Asubuhi nilikuta programu imekufa. Akaunti 1,700 na ushei zilikuwa zimehamishwa, nyingine bado, na sikuwa nimehifadhi logi yoyote. Ningeanza upya, wengine wangepata riba mara mbili. Ningekisia mahali pa kuendelea, mama fulani angekosa pesa za karo. Ilinibidi kulinganisha akaunti moja moja, huku mweka hazina akinipigia simu kila saa.

Kwa nini ilikufa? Unapoingia kwa ssh, seva hukupa terminali na sheli (si ile ya kuuza petroli). Kila programu unayoianzisha ni mtoto wa sheli hiyo. Mawasiliano yakikatika, seva hungoja, na ikikosa jibu hufunga terminali. Hapo kiini cha Linux hutumia sheli ishara iitwayo SIGHUP, nayo sheli huisambaza kwa watoto wake, hata walio nyuma. HUP ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kukata simu, jina lililobaki tangu enzi za terminali zilizounganishwa kwa modemu na laini za simu. Programu ambayo haikuandaliwa kwa ishara hiyo hufa.

Dawa ziko, na zote ni za bure.

Ya kwanza ni nohup:

nohup ./hamisha.sh > hamisha.log 2>&1 &

Amri hii huifanya programu ipuuze SIGHUP. Matokeo na makosa yote huenda kwenye hamisha.log. Usipotaja faili, yataandikwa kwenye nohup.out.

Ya pili ni ya aliyesahau. Kama kazi imeshaanza na unatumia bash, bonyeza Ctrl-Z, kisha andika bg, halafu disown -h. Lakini kumbuka maandishi yake bado yanaelekea kwenye terminali ile ile. Ikifungwa, programu inaweza kushindwa kuandika na kufia hapo.

Ya tatu ndiyo niipendayo: screen, iliyoandikwa na Oliver Laumann na Carsten Bormann mwaka wa 1987.

screen -S uhamisho

Anzisha kazi yako humo ndani. Ukitaka kuondoka, bonyeza Ctrl-a kisha d. Ukirudi, hata kutoka tarakilishi nyingine, andika screen -r uhamisho. Ikikataa kwa kudai bado umeunganishwa, andika screen -d -r uhamisho. Siku hizi wengi hutumia tmux, iliyotoka mwaka wa 2007: tmux new -s uhamisho, kisha Ctrl-b na d, na kurudi ni tmux attach -t uhamisho.

Tahadhari mbili. Seva yenyewe ikizimwa, hakuna hata moja kati ya hizi itakayokuokoa. Na kama screen inakufa kila ukitoka, tazama KillUserProcesses katika /etc/systemd/logind.conf. Huenda seva imepangwa kuua kila kitu cha mtumiaji akishatoka.

Turudi kwa chama. Siku ya tatu nilirekebisha skripti iandike namba ya kila akaunti iliyokamilika, na iruke zilizokwisha kuhamishwa. Usiku nikaianzisha ndani ya screen. Mnamo saa sita, stima ikapotea tena. Nililala, ingawa kwa nusu jicho.

Alfajiri nikaunganisha na kuandika screen -r. Majina yalikuwa yamefika herufi W, na bado yanapita. Nilikaa pale nikiyatazama mpaka la mwisho, ndipo nikampigia mweka hazina.

Haya, jaribuni kwa kazi ndogo kwanza. Kwaherini.