Japani: Nyimbo za shule ambazo watu wa miaka thelathini hawajazisahau

Katika inchi ya Japani mwaka wa shule unaisha mwezi wa tatu, wakati baridi inaanza kupungua na maua ya miti ya sakura yanakaribia kuchanua. Wanafunzi wanaomaliza wanakusanyika katika ukumbi wa shule, wazazi wanaketi nyuma, na kabla ya kuagana darasa zima linaimba pamoja. Wengi wanaimba wakilia. Kwa hiyo Mjapani mwenye miaka thelathini na kitu, akisikia mojawapo ya nyimbo hizo dukani ao ndani ya teksi, ananyamaza kwanza. Hasikii muziki tu. Anaona sura za watu aliosoma nao.

Hao ni watu waliozaliwa kati ya mwaka wa 1985 na 1995 hivi. Walikuwa watoto wakati CD zilikuwa zinauzwa kwa wingi sana. Mwaka wa 1999 msichana wa miaka 16, Utada Hikaru, alitoa albamu yenye jina First Love. Ndani ya Japani peke yake iliuzwa zaidi ya milioni 7, na mpaka leo hakuna albamu nyingine iliyoipita katika inchi hiyo. Kisha simu za mkononi zikafika, na vijana wakaanza kununua wimbo mmoja mmoja kwa simu. Wimbo Kiseki wa mwaka wa 2008 ulienea kwa njia hiyo. Waimbaji wake, kikundi GReeeeN, walianza wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno katika mji wa Koriyama, jimbo la Fukushima, na waliamua kuficha sura zao ili muziki usiharibu kazi yao ya kutibu watu.

Lakini kama kuna wimbo unaogusa kizazi hiki kwa namna ya pekee, ni ule wa Angela Aki unaoitwa Tegami, ni kusema Barua. Mwimbaji huyo, alipokuwa kijana wa shule, alijiandikia barua yeye mwenyewe wa siku za mbele. Alipofikisha miaka 30, mama yake alimletea barua hiyo. Humo alikuta mahangaiko ya msichana ambaye alikuwa karibu kumsahau. Akatunga wimbo wenye pande mbili: kijana wa miaka 15 anamwandikia mtu mzima mashaka yake, naye mtu mzima anamjibu. Mwaka wa 2008 redio na televisheni ya taifa, NHK, iliuweka kuwa wimbo wa lazima katika mashindano ya kwaya za shule za vijana wa umri huo. Kwaya nyingi za inchi nzima zikaujifunza sauti kwa sauti.

Waliouimba mwaka ule wakiwa na miaka 15, leo wamepita 30. Zamani walikuwa upande wa kijana anayeuliza. Sasa wako upande wa mtu mzima anayepaswa kujibu. Wana watoto, wana deni la nyumba, wengine wamepoteza wazazi. Wimbo haujabadilika hata neno moja, lakini wao wamehamia sehemu ya pili.

Kuna mwingine ambao haukutungwa kwa ajili ya soko hata kidogo. Mwaka wa 1991, katika shule ya Kagemori, mji wa Chichibu, mkuu wa shule Kojima Noboru aliandika maneno ya kuwaaga wanafunzi wake, na mwalimu wa muziki Sakamoto Hiromi akayatilia sauti. Walimu waliuimba wenyewe kuwa zawadi kwa wanaoondoka. Ulikusudiwa kuimbwa mara moja tu. Lakini walimu wa shule nyingine waliusikia, wakaunakili, na wimbo huo, Tabidachi no Hi ni, ukaenea Japani yote. Watu wengi wa miaka thelathini waliagana na wenzao kwa maneno hayo ya mwalimu mmoja wa mji mdogo.

Kisha ikafika tarehe 11 mwezi wa tatu 2011. Katika jimbo la Fukushima shule nyingi za vijana wa miaka 15 zilikuwa zimefanya sherehe ya kumaliza asubuhi ya siku ile ile. Saa nane na dakika 46 mchana ardhi ikatetemeka kwa nguvu ya 9.0. Mawimbi makubwa ya bahari, yanayoitwa tsunami, yakapiga pwani ya mashariki. Watu zaidi ya 18,000 walikufa ao hawakuonekana tena. Kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima kikaharibika, na hatari ya mionzi ikawafukuza watu ambao hata nyumba zao zilikuwa zingali zimesimama. Hesabu ya waliohama katika jimbo hilo ilipita 160,000. Walilala katika kumbi za michezo za shule, juu ya mikeka na maboksi, katika kumbi zilezile ambamo watoto walizoea kuimba nyimbo za kuagana.

Katika siku zile redio ilikuwa chombo cha kwanza. Umeme ulikatika sehemu nyingi, lakini redio ya betri iliendelea kusema. Vituo vidogo vya redio vya muda vilifunguliwa katika miji iliyopigwa, ili kutangaza mahali pa maji, chakula, na majina ya waliopatikana. Watu waliomba pia nyimbo. Wimbo mmoja ulioombwa kwa wingi ulikuwa wa watoto: wimbo wa katuni ya Anpanman, iliyoanza kwenye televisheni mwaka wa 1988. Kizazi kizima kilikua nao. Anpanman ni shujaa ambaye kichwa chake ni mkate wenye maharage matamu ndani. Akikuta mwenye njaa, anakata kipande cha uso wake na kumpa ale. Aliyemwumba, Yanase Takashi, alikuwa mwanajeshi katika vita, aliona njaa kwa macho yake, na ndugu yake alikufa katika vita hivyo. Alitoka na wazo moja: kumlisha mwenye njaa ni haki isiyogeuka, hata siasa zikigeuka. Maneno ya wimbo ni yake. Watoto walipousikia redioni waliimba, na watu wazima waliokuwa wameimba wakiwa watoto walilia.

Kule Odaka, sehemu ya mji wa Minamisoma, karibu na kituo kile cha nyuklia, watu wote waliamriwa kuondoka. Wanafunzi wa shule ya Odaka walitawanyika katika majimbo mbalimbali. Wachache waliobaki waliendelea kusoma katika majengo ya shule nyingine. Mwalimu wao wa muziki aliweka ramani kubwa ya Japani, nao wakabandika picha za wenzao mahali kila mmoja alipofika. Wakitazama ramani ile walizungumza: wako mbali, lakini mbingu ni moja. Mwalimu alikusanya maneno yao, akayatengeneza kuwa wimbo. Unaitwa Gunjo, jina la rangi ya bluu nzito. Waliuimba walipomaliza shule mwaka wa 2013. Leo unaimbwa na kwaya za Japani nzima, na walioutunga wanakaribia miaka thelathini.

Wimbo haukuwarudisha nyumbani. Amri ya kuhama Odaka iliondolewa mwezi wa saba 2016, zaidi ya miaka mitano baadaye, na wengi walikuwa wameshaanza maisha mahali pengine. Wimbo haukujenga nyumba wala kuondoa mionzi. Ulifanya kazi ndogo zaidi, na kazi hiyo haikufanywa na kitu kingine: ulishika majina na sura za darasa moja pamoja, wakati hakukuwa tena na chumba cha kuwakusanya.

Mwenye kukimbia anachagua haraka nini abebe: mtoto, godoro, sufuria, karatasi za shule. Mengi yanabaki. Wimbo aliofundishwa na mwalimu haubebwi kichwani kama mzigo, wala hauombi nafasi ndani ya gari. Jamaa za kambini ambazo jioni zinawafundisha watoto nyimbo za shule ya kijiji walichoacha zinafanya jambo lile lile alilofanya mwalimu wa Odaka. Mtoto ambaye leo anaimba bila kuelewa, siku moja atafikisha miaka thelathini, atausikia wimbo ule mahali fulani, na atajua anatoka wapi.