Namba Tatu

Hakuna mtoto wa Nkende aliyewahi kuomba kucheza namba tatu. Namba tisa iligombewa, namba kumi iligombewa mpaka watu wakashikana mashati, na hata golini walikuwepo vichaa wachache waliopenda kujirusha kwenye kokoto. Beki ya pembeni ulipelekwa. Mwenye chenga alikwenda mbele, mwenye kimo na ubabe akasimama nne au tano, mwenye pumzi akapewa nane. Yule aliyebaki, anayejua kukimbia ila mpira haumpendi sana, aliambiwa, "Mura, kaa pale, asipite mtu." Kushoto kulikuwa na shida zaidi, maana mguu wa kushoto ni adimu, na kijana akionekana anautumia vizuri wanamnyakua haraka awe namba kumi na moja.

Nasema habari za miaka ya 90, Tarime ile ambayo simu ilikuwa ya posta. Uwanja wetu wa shule ulikuwa na mteremko, kama viwanja vingi vya huku milimani, na masika yakianza upande wa chini unajaa tope jekundu. Kipindi kimoja beki wa pembeni anakabana na winga anayeshuka kama pikipiki iliyokatika breki, kipindi kingine anapanda kilima yeye mwenyewe huku miguu imebeba udongo. Aliyecheza beki pale msimu mzima ulijua ana mapafu, hukuhitaji kumpima.

Ila alipimwa, tena sana. Kando ya uwanja kulikuwa na mahakama. Alikuwepo mzee mstaafu wa jeshi, alikuwepo mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha timu bila malipo, na alikuwepo mama muuza mandazi ambaye, kwa maoni yangu, aliujua mpira kuliko wote wawili. Mwalimu alikuwa na tabia iliyotushangaza sisi watoto: hakuufuata mpira kwa macho. Mpira ukiwa kulia, watu wote wamesimama kwa vidole, yeye anamtazama namba tatu aliye peke yake kule kushoto. Amebana ndani? Yuko mstari mmoja na mabeki wa kati, au amebaki nyuma hatua mbili na kuharibu mtego wa kuotea? Anamwona winga aliye mgongoni mwake, au anapunga mkono kwa wasichana wa njia ya kisimani? Kwa mwalimu, beki wa pembeni alionekana vizuri zaidi wakati hana kazi.

Kupitwa hakukumsumbua. Alisema kila beki hupitwa, na asiyepitwa hajakutana na winga. Alichotaka kukiona ni zile sekunde tatu baada ya kupitwa: anasimama na kushika kiuno, anamvuta mtu jezi, au anageuka na kukimbia kwenda golini mwake badala ya kuufuata mpira? Mzee wa jeshi alitazama miguu. Alitaka kijana asimame upande, si kifua wazi, amwachie winga mstari na kumfungia ndani, ampeleke kule ambako chaki itamsaidia kukaba. Mama wa mandazi alikuwa na kipimo chake, na ndicho kilichowamaliza vijana wengi: mpira ukitoka nje, nani anabishana na mshika kibendera na nani ameshamtafuta mtu wa kumkaba? Mbishi alikuwa anahesabiwa siku zake.

Hukumu yao ilichukua muda. Kijana alitazamwa kwenye jua na kwenye tope, dhidi ya timu za karibu na dhidi ya timu za Sirari zilizochanganyika na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, na alitazamwa siku ambayo mechi ilikuwa na joto la koo mbili zisizoelewana, pale ambapo kuteleza kidogo tu kunaweza kuwa ugomvi wa mwezi mzima. Disemba ya mwaka wa tohara timu zilivunjika kabisa, wenzetu wakaingia jandoni, na waliporudi walitazamwa upya kama wageni. Nakumbuka namba tatu mmoja aliyevumiliwa karibu misimu miwili huku tukimzomea kila Jumamosi. Alipokomaa, mawinga wa Tarime yote walianza kuomba kuhamia upande wa pili.

Na baada ya hapo? Hakuna. Hili ndilo linalonizuia nisiisifie sana enzi ile. Mahakama yetu ilitoa hukumu sahihi ambazo hakuna aliyezisoma. Beki wa Nkende akiwa bora namna gani, mwisho wake ulikuwa timu ya wilaya, safari moja ya Musoma kwenye mashindano ya mkoa, labda UMISSETA kama yuko sekondari, kisha ng'ombe na mahindi vikamwita. Njia ya kueleweka ya kwenda kucheza mbali ilikuwa kujiunga na jeshi au polisi, ambako timu zao zilikuwa na macho na chakula. Wakurya hatukuhitaji kubembelezwa kwenda jeshini, lakini si kila aliyechukua bunduki alipewa na viatu vya mpira.

Wakati huohuo mabeki wakubwa wa nchi tuliwajua kwa redio, na redio haikumtendea haki beki wa pembeni. Fikiria: mtangazaji anaufuata mpira. Jina la namba mbili linatajwa akipitwa, akirusha, au akipanda kumimina krosi. Dakika themanini alizofanya kazi yake vizuri kwa kusimama tu mahali pazuri hazisikiki. Ndiyo maana tulibishana usiku kucha kuhusu mabeki wa Simba na Yanga ambao hatukuwahi kuwaona, na tukawahukumu kwa ukali wa sauti ya mtangazaji. Hata enzi za kocha Marcio Maximo, Taifa Stars ilipopendwa mpaka jezi zikafika kwenye magulio yetu, beki wake wa kulia Shadrack Nsajigwa kwangu alikuwa sauti kabla ya kuwa mtu.

Leo kila kitu kinaonekana. Tangu Azam TV ianze kurusha ligi mwaka 2013, kibanda umiza kimoja cha Tarime mjini kinaonyesha mabeki wengi kwa wiki moja kuliko waliotazamwa na mwalimu wetu kwa mwaka. Mwaka 2021 haki za matangazo ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka 10. Kijana wa Nkende mwenye simu anaweza kurudia krosi ileile mara ishirini. Unategemea basi tungekuwa taifa la majaji.

Ila kamera nayo ina tabia ya redio: inaufuata mpira. Na simu imeongeza ubaya wa kukata. Beki chipukizi anacheza dakika tisini, kinachobaki ni sekunde kumi na tano alipolambwa chenga akakaa chini, zimewekewa muziki na vicheko, na zimefika Nkende kabla yeye hajaoga. Jumatatu kijiwe kizima kimeshamaliza kesi. Sijasikia mtu kijiweni akiuliza alifanya nini baada ya kunyanyuka.

Wamarekani katika ule mpira wao wa kushika kwa mikono wana mchezaji wa dhiki hiihii. Wanamwita konabeki, anakaba kinyumenyume peke yake pembeni, na kinda wa nafasi hiyo huandamwa makusudi na timu pinzani tangu wiki ya kwanza. Wao wanampima mbio za yadi 40 kule Indianapolis kabla hajasajiliwa, kisha wapo watu wanaolipwa kumpa alama kwa kila tukio la mchezo, hata lile ambalo mpira haukuja kwake. Mwalimu wetu aliifanya kazi hiyo bure, akiwa na daftari la mahudhurio la darasa la nne.

Watu wakiniambia vijana wetu wa pembeni hawana kiwango, huwa nawataja wawili. Mohamed Hussein, huyu Tshabalala, alikwenda Simba mwaka 2014 kutoka Kagera Sugar, ng'ambo ya ziwa letu, akiwa hajatimiza miaka 18. Misimu yake mitatu ya kwanza ubingwa ulikwenda Yanga yote mitatu. Kwa macho ya leo, beki kinda katika timu inayokosa ubingwa mara tatu ni wa kutolewa kwa mkopo. Aliachwa acheze, na kuanzia 2017/18 Simba ikabeba mara nne mfululizo yeye akiwa kushoto. Shomari Kapombe alitoka Polisi Morogoro mwaka 2011, akachezeshwa huku na kule kabla kulia hakujawa kwake, akaenda Cannes ya Ufaransa, akarudi kupitia Azam, akarejea Simba 2017. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa kwetu, Tshabalala alifunga dhidi ya Burkina Faso, na siku nne baadaye Kapombe akafunga bao pekee dhidi ya Mauritania dakika ya 89. Mabeki wawili wa pembeni, mmoja akiwa na miaka 28 na mwingine akiwa amevuka 30. Kibanda kizima kilishangilia, na nadhani wengi waliokuwa mle ndani walishawahi kuwafukuza timu wote wawili kwa mdomo.

Wa baada yao hawakupewa nafasi ile. Serengeti Boys ya mwaka 2017, timu yenye jina la mbuga yetu, ilikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, ikatoka suluhu na Mali, ikaifunga Angola 2-1 na kulala 1-0 kwa Niger. Ndani yake walikuwemo Kibwana Shomari na Nickson Kibabage, wote mabeki wa pembeni. Wote baadaye walifika Yanga, Kibwana mwaka 2020, Kibabage 2023. Lakini Yanga hiyo hiyo ilimleta Djuma Shaban mwaka 2021, Joyce Lomalisa 2022, Yao Kouassi 2023 na Chadrack Boka 2024. Sina ugomvi na wageni hao. Djuma alikuwa beki wa kulia wa kiwango kikubwa, na penalti yake ndiyo iliyoshinda kule Algiers kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, ingawa kombe lilibaki kwa USM Alger. Ila klabu inayoruhusiwa wachezaji 12 wa kigeni na yenye mashabiki wasiosubiri hadi Jumanne haina sababu ya kumvumilia namba tatu misimu miwili kama sisi tulivyolazimika. Sisi hatukuwa na mwingine. Huenda uvumilivu wetu ulikuwa umaskini tu.

Palikuwa na muda mfupi ambapo nilidhani mambo yangekutana, macho ya nyumbani na mlango wa nje. Biashara United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, na uwanja wa Karume wa Musoma ukawa mahali ambapo kijana wa Mara anaweza kupitwa na winga wa Simba mbele ya watu wanaomfahamu mama yake. Msimu wa 2020/21 walimaliza wa nne. Wakaingia Kombe la Shirikisho, wakaitoa Dikhil ya Djibouti, wakaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam Oktoba 2021. Kisha mechi ya marudiano Libya hawakufika, mambo ya usafiri, wakaondolewa bila kufungwa. Msimu uleule wakashuka daraja, na Ligi Kuu hawajarudi. Niliumia kwa mabao yale mawili kuliko nilivyoumia kwa kushuka.

Na huku chini mambo yamefuata mkondo wa juu. Makombe ya siku hizi yana fedha, na ng'ombe dume anayeshindaniwa ni mnono kuliko wa zamani. Wapo wafadhili, zipo jezi zenye majina mgongoni, na kuna mamluki. Hatua ya mtoano ikianza, timu ya kata inaagiza wachezaji kutoka Musoma na Mwanza, wanalala siku mbili, wanacheza, wanaondoka na bahasha. Vijana waliocheza makundi yote wanakaa benchi na kubeba maji. Mzee wa jeshi alishafariki, mwalimu alistaafu na macho yamepungua. Mama wa mandazi bado yupo na anakuja, ila anasema siku hizi hajui amtazame nani, kwa kuwa namba tatu wa wiki hii si wa wiki iliyopita.

Yupo kijana mmoja sasa ambaye mimi na mama huyo tumekubaliana juu yake. Ana kama miaka 17, kushoto halisi. Krosi zake hazifai, mbili kati ya tatu zinaishia kwenye mahindi, na akipanda hurudi kwa kuchelewa anaposifiwa. Lakini mpira ukiwa kulia amebana mahali pake, na alipopitwa mechi ya mwisho ya makundi alikimbia moja kwa moja kwenye nguzo ya pili akautoa mpira mstarini kwa goti. Mama alinigusa bega, hakusema kitu. Nikamfuata kocha, kijana mzuri tu mwenye cheti cha ualimu wa mpira, nikamwambia huyu mwache acheze mpaka mwisho wa mashindano, akosee anavyokosea. Alinisikiliza kwa heshima zote. "Mzee, nakuelewa," akasema, "lakini nusu fainali ni Jumamosi, na kushoto nimeshamtumia mtu nauli ya kutoka Mwanza."