Mbuni kwa Mbuni: Ndege wa Kupandwa katika Bunilizi za Kijapani

Kiswahili kina neno moja, mbuni, linalomtaja ndege mkubwa asiyeruka na pia mtu anayebuni. Sadfa hii ya kimsamiati yafaa kuwa mlango wa kuingilia katika bunilizi za kifantasia ambamo ndege wa namna hiyo hutwikwa kazi ya farasi. Mbuni halisi hukimbia kwa kasi inayokaribia kilomita 70 kwa saa, na huko Oudtshoorn, Afrika Kusini, amepandwa katika mashindano ya mbio. Hata hivyo, hakupata kushika nafasi ya farasi safarini wala vitani. Nafasi hiyo amepewa na wabunifu wa Japani.

Mathalani, katika hadithi ya picha ya Miyazaki Hayao, Kaze no Tani no Nausicaä, iliyotoka kwa mfululizo kati ya 1982 na 1994, Yupa husafiri na ndege wawili, Kai na Kui. Jina la Kijapani la jamii yao limeundwa kwa maneno mawili: ndege na farasi. Hapa pana kinaya cha kuzingatiwa. Nausicaä, aliye binadamu, hupaa angani kwa chombo chake chepesi, ilhali ndege hukanyaga ardhi, na ardhi hiyo ndiyo uwanja wa vita. Kai hujeruhiwa kwa risasi katika shambulio alimombeba Nausicaä, naye hufa baada ya kumtoa hatarini. Kwa kuwa hana mbawa za kumwepusha na mapigano, hatima yake imefungamana na ya aliyempanda.

Usawiri wa Chocobo, ndege wa manjano aliyezuka katika mchezo wa video Final Fantasy II mwaka 1988, una mwelekeo mwingine. Ndege huyu hupatikana msituni. Mchezaji akiwa mgongoni mwake hashambuliwi na maadui. Akishuka tu, ndege hukimbia zake. Lakini katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, Chocobo hufugwa zizini, hulishwa mboga maalumu, na huzalishwa kizazi baada ya kizazi hadi apatikane wa rangi ya dhahabu awezaye kuvuka bahari. Uwezo wake umezidi, na uhuru wake umepungua.

Yamkini mhakiki akaona kwamba viumbe hawa ni pambo la mandhari tu, lililokusudiwa kuutia ulimwengu wa kubuni ugeni. Mifano hii yaonyesha vingine. Uzito wa mnyama wa kupandwa katika masimulizi hutokana na kile anachoweza kukataa au kupoteza: Kai hupoteza uhai, na Chocobo wa awali hukataa kungoja. Mbuni mwenye kalamu akimnyima mbuni mwenye manyoya mambo hayo mawili, atakuwa amebuni tandiko tu.