Penseli Shingoni mwa Gita

Udi haufuatani na mpigaji peke yake. Hufuatana na risha, na risha ikipotea usiku wa shughuli, msiba wake wapiga udi wa Unguja wanaujua. Gita nalo lina wafuasi wake, tena wengi zaidi: mkanda wa begani, mkoba, nyuzi za akiba, risha, kapo ya kubana shingo, kipima sauti cha kubandika kichwani, na siku hizi vidude vya umeme vya kukanyagwa kwa mguu, ambavyo bei ya kimoja huweza kuishinda bei ya gita lenyewe. Kila mpigaji ana orodha ya vitu ambavyo huapa kwamba hawezi kuishi bila ya kuwa navyo, na aghalabu orodha hiyo huandikwa na mwenye duka.

Mpiga gita mmoja, aliyekuwa akitumbuiza wageni katika mahoteli ya Unguja, aliondoka kisiwani na orodha ya namna hiyo mwaka 2020, pale maradhi ya korona yalipowakata wageni na mahoteli yakafunga milango. Alirejea kwao Mwandoya, katika wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu, mkoa mchanga uliozaliwa mwaka 2012. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, ya tambarare na jua lisilo na mzaha. Barabara ya vumbi itokayo Bariadi hupita Kisesa, ikaigusa Mwandoya, ikaendelea na safari yake hadi Mwanhuzi. Mama yake alimtazama akivitoa vitu mkobani kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mkeka.

"Vyote hivi ni vya kupigia gita?"

"Ndiyo, mayu."

"Basi wewe mwenyewe umebakiwa na kazi gani?"

Hakuwa na jawabu. Jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba vitu alivyovizoea vilikuwa vimetengenezwa kupigana na adui wa pwani. Kisiwani adui ni unyevu na chumvi. Nyuzi za chuma hushika kutu kabla hazijachakaa, na mpigaji mwenye busara huzipangusa kwa kitambaa kikavu kila amalizapo, kisha huweka mkobani vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinavyofyonza majimaji. Mwandoya, katika miezi ya kiangazi, adui ni ukavu. Mbao za gita hupenda hewa yenye unyevu wa kadiri ya asilimia 45 hadi 55. Hewa ikikauka mno, mbao husinyaa, ncha za vyuma vya shingoni hutokeza na kukwaruza vidole, na mwisho tumbo la gita hupasuka. Alivitupa vipakiti vyake. Akatwaa kisanduku cha sabuni cha plastiki, akakitoboa matundu kwa msumari wa moto, akatia ndani yake kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa, akakifungia mkobani pamoja na gita. Maji ya sponji ile mama yake aliyachota mtungini kwa kikombe, akayatazama yakimwagwa, asiseme neno. Mtu anayejua maji yametoka umbali gani ndiye atakayeuelewa ukarimu huo.

Risha za plastiki zilimwishia haraka, kwani zina tabia ya kutoweka. Aliyekulia kwa wafugaji hakosi pembe la ng'ombe. Alikata kipande, akakisugua juu ya jiwe mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Wapenzi wa udi hawatashangaa, maana risha, kama jina lake linavyosema, ilikuwa unyoya wa ndege kabla haijawa plastiki. Wapiga gita wa Ulaya na Marekani wao walipenda risha za gamba la ng'amba, kasa yule yule wa Bahari ya Hindi, mpaka biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku katika miaka ya 1970. Ng'ombe wa Meatu hana marufuku, na sauti ya pembe ni pole kuliko ya plastiki. Upole huo ndio aliouhitaji, kwa sababu alichokuja kukipigia Mwandoya kilikuwa sauti ya mtu mmoja mzee.

Mama yake alikuwa manju. Katika ujana wake aliongoza nyimbo za kulimia, zile ambazo mstari mzima wa majembe huinuka na kushuka kwa neno la mtu mmoja. Usukumani mshairi huheshimiwa na hupimwa hadharani. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi, na manju asiyeweza kumrudi mwenzake kwa maneno hubaki peke yake uwanjani huku watu wakimhama. Wazanzibari waliowahi kuona vikundi viwili vya taarabu vikirushiana vijembe hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Sasa sauti ya manju huyu ilikuwa ikishuka mwaka hadi mwaka na kukatika mwishoni mwa mistari, na nyimbo zake hazikuandikwa popote. Mwanawe alikusudia kuzirekodi kwa simu, yeye mwenyewe akimsindikiza kwa gita, kabla hazijafuatana na mwenyewe.

Akabandika kipima sauti kichwani mwa gita. Kidude hiki hutambua mtikisiko wa uzi na kuonyesha kwa mshale kama umepanda au umeshuka. Msingi wake ni kwamba sauti iitwayo A hutikisika mara 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939 na kuthibitishwa na shirika la kimataifa la viwango mwaka 1955. Mama hakuhudhuria mkutano huo. Alipoanza kuimba, sauti yake iliangukia katikati ya noti mbili, mahali ambapo gita halina chuma. Mwanawe akamwomba ajaribu kupanda kidogo. Akajaribu, na wimbo ukawa mgumu kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Akamwomba ashuke kidogo. Maneno ya chini yakamezwa kooni.

"Huyo anayekuonyesha mshale," mama akauliza, "anaujua wimbo huu?"

Ilimchukua siku tatu kukitoa kile kidude. Siku ya nne alilegeza nyuzi zote sita kwa sikio, uzi baada ya uzi, hata gita likakaa pale mama alipokaa. Kwa mara ya kwanza wimbo ulipita kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wimbo wa pili ulianza juu zaidi, na hapo palihitajika kapo. Kapo hubana nyuzi zote kwa pamoja juu ya shingo, ikawa kana kwamba gita limefupishwa. Kila chuma kimoja ni nusu sauti, na vyuma 12 humrudisha mpigaji kwenye noti ile ile, juu yake. Kapo yake ya chuma ilikuwa na springi kali. Juu ya nyuzi zilizolegezwa, springi ile ilizikandamiza hata zikapanda kuliko ilivyotakiwa, na mapatano yote yakaharibika. Mtoto wa jirani alikuwa ukumbini akiandika hesabu zake. Mpiga gita akaiazima penseli yake, ile ya pembe sita isiyobingirika, akailaza juu ya nyuzi na kuifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akiukaza na kuulegeza mpaka ukabana kwa kiasi alichotaka.

Penseli hiyo ina ukoo. Wapiga gita kavu wa Katanga na wa Kenya ya magharibi waliifunga shingoni hivyo hivyo, katika zama ambazo Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliufanya ulimwengu usikilize vidole viwili, gumba na cha shahada, vikizungumza kama watu wawili. Huko kwa Waluhya, mwenzi wa gita alikuwa chupa ya Fanta yenye mifuo, ikikwaruzwa na kugongwa na mtu wa pili. Rekodi za George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na za Abana ba Nasery baada yake, hazikamiliki bila ya mlio huo. Hakuna duka la ala lililowahi kuitia chupa ya Fanta katika orodha yake. Ni hasara ya duka.

Usiku wa kurekodi, uzi wa kwanza ukakatika, na nyuzi za akiba zilikuwa zimekwisha. Uzi huo ni mwembamba kadiri ya robo ya milimita, nao hubeba mvuto wa kilo saba au zaidi, kwa hiyo kukatika kwake si ajabu. Wazee hutumia waya wa breki ya baiskeli, lakini Phoenix zilizoegeshwa uani breki zake zilikuwa za fito za chuma. Akaenda kumgongea fundi pikipiki, akapewa waya wa klachi uliochakaa. Akaufumua, akachagua unyuzi mmoja ulionyooka kuliko wenziwe, akaufunga kwenye kile kipete cha shaba kilichobaki cha uzi uliokatika. Ulikuwa na mlio wa kukoroma kidogo, nao ulihitaji kukazwa upya kila baada ya ubeti. Mama aliusikiliza, akasema unafanana na yeye.

Walirekodi nyimbo nne mpaka betri ya simu ikaisha. Katika wa tatu mbuzi alilia, na mama, akiwa bado anaimba, akamtia ndani ya ubeti.

Asubuhi mpiga gita aliamshwa na sauti jikoni. Mama alikuwa akijaribu wimbo wa tano, taratibu, akipuliza moto. Sauti ilikuwa imeshuka tena, kidogo tu, chini ya ilipokuwa jana. Aliketi kitandani, akaitoa penseli, akaanza kulegeza uzi wa sita.