Mpaka wa Ndutu

Nilipoanza kuendesha wageni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lami ilikuwa ndiyo kwanza inafika lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo ilikuwa vumbi mtindo mmoja: unapanda ukingo wa kreta, unateremka hadi karibu na Olduvai, unaacha njia kuu na kukata kushoto kwenda Ndutu. Januari hadi Machi kila kampuni ya Arusha ilitaka magari yake yawe huko, maana ndiko nyumbu wanakozalia.

Udongo wa kule ni majivu ya volkano. Nyasi zake ni fupi, lakini zina kalsiamu na fosforasi anazohitaji nyumbu anayenyonyesha, na hazina pa kumficha simba. Nyumbu zaidi ya milioni moja hushuka huko mvua zikianza, na wengi huzaa ndani ya wiki chache tu. Nyuma yao huja fisi, simba na duma. Nyuma ya duma tulikuja sisi.

Ndutu imekatwa na mpaka. Upande mmoja ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, upande wa pili ni Eneo la Hifadhi la Ngorongoro. Zilikuwa kitu kimoja hadi mwaka 1959, zilipotenganishwa: Serengeti ikabaki ya wanyama, Ngorongoro ikawa ya wanyama pamoja na wafugaji wa Kimaasai. Kila upande una ada yake na sheria zake. Serengeti, gari la wageni halitoki barabarani. Ngorongoro, ndani ya kreta vilevile halitoki. Lakini kwenye mbuga za Ndutu siku zile tuliruhusiwa kuacha barabara na kumfuata mnyama majanini. Hapakuwa na ukuta wala waya wa kuonyesha sheria inaishia wapi. Ilibidi uwe na mpaka kichwani.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa Kipare ambaye madereva vijana wote tulimwita Babu. Kwake kuacha barabara haikuwa kukanyaga mafuta. Kwanza anazima injini na kutazama nyasi kwa muda, huku wageni wakianza kupumua kwa nguvu. Shimo la muhanga halionekani mpaka gurudumu la mbele limezama. Mbegu za nyasi huziba rejeta, na injini inachemka katikati ya mbuga isiyo na mti. Nyasi kavu zikijikusanya kwenye bomba la moshi zinashika moto, ndiyo maana kila tuliposimama mahali salama aliniambia, "Dogo, ingia chini uangalie." Mvua ikishanyesha alikuwa hatoki barabarani kabisa, hata upande ulioruhusiwa. Penye bwawa tope linashika gari mpaka ekseli, na alama za magurudumu zikikaukia pale zinabaki kuwa mifereji.

Asubuhi moja tulikuwa tunamsogelea duma aliyekaa juu ya kichuguu. Babu akafunga breki ghafla, akafungua mlango taratibu, akainama bila kushuka. Nikachungulia na mimi. Karibu kabisa na tairi la mbele, mtoto wa swala tomi alikuwa amelala bapa, masikio yamelazwa mgongoni, jicho moja wazi, halipepesi. Siku za mwanzo ndivyo wanavyojificha: mama huenda kula, mtoto hatikisiki hata hatari ikifika juu yake. Babu akaturudisha nyuma kwa kufuata alama zake mwenyewe, pole pole, mpaka tukawa mbali. Wageni walikuwa wamesimama kwenye viti, vichwa nje ya paa, macho kwa duma. Hawakuona kitu. Mmoja aliuliza kwa nini tunarudi nyuma wakati mnyama yuko mbele.

Duma naye hajui mpaka. Kuna jioni alitutoka upande wa Ngorongoro akitembea tu, tumbo limebonyea, na watoto watatu nyuma yake, akavuka kuingia Serengeti. Babu akasimamisha gari. Mgeni mmoja, mpiga picha mwenye lenzi ndefu kama bazuka, akasema huyo yuko mita chache tu, na jua ndiyo kwanza linakuwa zuri. Kisha akatoa noti na kuishika juu ya bega la Babu, kimya. Mshahara wetu ulikuwa mdogo. Familia ililishwa na bakshishi, na bakshishi hutolewa na mtu aliyefurahi. Babu hakugeuka. "Mwambie," akaniambia mimi, ingawa Kiingereza chake kilikuwa bora kuliko changu, "leseni ni yangu, picha ni yake." Nikatafsiri nusu ya kwanza. Bakshishi ya safari ile ilikuwa kiduchu.

Mpiga picha huyo hakuwa mjinga, na hoja yake nimeisikia mara nyingi tangu siku ile. Nyumbu milioni wanakanyaga mbuga hii kila mwaka, alisema, gari moja litaharibu nini? Jibu ni kwamba gari si moja. Nyumbu wanatawanyika, wanakula, wanaondoka, na nyasi zinaota nyuma yao. Magari yanaitana kwa redio. Dereva akitamka tu "madoadoa" na jina la bonde, robo saa baadaye kumi wamefika, kila mmoja akitafuta mahali jua liko mgongoni kwake, na aliyezungukwa ni yule yule mama mwenye watoto. Duma huwinda mchana, akitegemea macho na nafasi ya kukimbia. Ukimfungia nafasi, umemnyima chakula. Mwaka 2018 Femke Broekhuis alichapisha utafiti wake kuhusu duma wa Maasai Mara: penye watalii wengi, kwa wastani mama alikuza mtoto 0.2 tu, penye watalii wachache, zaidi ya wawili. Niliposoma takwimu zile nilimkumbuka yule aliyevuka mpaka, na sikushangaa.

Wageni wengi walikuwa wamelelewa na filamu. Hugo van Lawick alipiga kambi Ndutu miaka mingi, akarekodi wanyama kwa ukaribu ambao ulimwengu ulikuwa haujauona. Watu wa filamu hufanya kazi kwa vibali maalumu na huweza kukaa na mnyama mmoja miezi. Mgeni wa siku mbili huitaka picha ile ile kabla ya chakula cha mchana, na anayeulizwa ni dereva.

Lakini kauli iliyonikaa zaidi ilitoka kwa mfugaji. Tulimkuta amesimama na fimbo yake kando ya alama mpya za magurudumu, zilizopasua nyasi laini baada ya mvua. Babu akamsalimia, wakaulizana habari za ng'ombe na za mvua. Kisha yule mzee akaonyesha chini kwa ncha ya fimbo. "Sisi tumekatazwa jembe," akasema. "Hawa wanalima kwa gari." Kilimo kilipigwa marufuku Ngorongoro mwaka 1975, na mwaka mmoja kabla yake familia za Kimaasai zilikuwa zimeondolewa ndani ya kreta. Babu alicheka kidogo, akawasha gari. Mimi naona mzee yule alikuwa na haki yote. Ardhi iliyofungwa kwa mwenye jembe haiwezi kuwa wazi kwa mwenye Landrover kwa sababu tu amelipa kwa dola, na kama ningeulizwa, ruhusa ile ningeiondoa msimu wote wa kuzaa.

Basi ukija kwetu, panda gari, fungua paa, furahi. Ila mnyama akivuka, au askari akisema hapa mwisho, usimwonyeshe dereva noti. Akikamatwa, wewe utapanda ndege kwenda kwenu. Faini na kufungiwa kazi vitabaki kwake, pamoja na ada ya watoto ya muhula unaofuata.